Tupeane uzoefu: kilomita ni zilezile, mbona saa za ndege zinatofautiana?

Wakuu, habari za muda huu.

Safari yangu ya kwanza ndefu ilikuwa London kwenda New York, kama kilomita 5,550. Tiketi ilisema kuondoka saa nne asubuhi, kufika saa saba mchana. Nikamwambia mama, "Baada ya saa tatu nitakupigia." Tukakaa ndani ya ndege karibu saa nane. Mama alikuwa ameshika simu muda wote huo, na nilipompigia sauti ilikuwa imemkauka. Kumbe kila saa kwenye tiketi ni ya mji wake, na New York iko nyuma ya London kwa saa tano. Ila kurudi tulitumia kama saa saba tu. Hapo ndipo nikaanza kujiuliza. Na nyie mmekutana na nini?

—

Mkuu, ni upepo. Kwenye kimo cha kilomita kumi hivi unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na kaskazini wakati wa baridi unakuwa mkali kwelikweli. Njia hiyohiyo yako, mimi wakati wa kwenda niliona kwenye skrini kasi ya kilomita 790 kwa saa. Kurudi ikapanda hadi 1,110, na ndege wala haikutikisika. Februari 2020 kuna ndege ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56, dhoruba ikiisukuma kwa nyuma.

—

Msipime kwa ramani ya ukutani, inadanganya. Chukueni tufe la dunia na uzi. Mwanangu alishika ncha moja Dubai, mimi nikavuta nyingine hadi Los Angeles. Uzi ulipokaza ukapanda wenyewe juu kabisa, karibu na Ncha ya Kaskazini. Ndiyo njia fupi, kama kilomita 13,400, saa 16 hivi.

—

Hiyo ni kama anga iko wazi, dada. Helsinki kwenda Tokyo nilizoea saa tisa na nusu, tunakatiza juu ya Urusi. Tangu anga hiyo ifungwe kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari imekuwa saa 13. Viwanja havijasogea hata hatua moja. Mara ya mwisho tulipita huko juu kwenye barafu, na nilichungulia dirishani mpaka shingo ikauma, nyeupe tupu.

—

Singapore kwenda New York, kilomita 15,300, zaidi ya saa 18. Chukua kiti cha njiani, uinuke kila baada ya saa mbili. Mimi nilibanwa dirishani nikaona aibu kumwamsha jirani. Nilipotaka kuvaa viatu, miguu ikakataa kuingia.

—

Mimi niliachwa. Nilikuwa na dakika 55 za kubadilisha ndege, upepo wa mbele ukatuchelewesha dakika 40. Nilikimbia na begi mgongoni, nikafika mlangoni ndege bado ipo, naiona kwenye kioo, lakini mlango umefungwa. Siku hizi sikubali chini ya saa mbili na nusu, hata tiketi iwe rahisi vipi.

—

Aliyewahi kuruka Perth–London moja kwa moja atuambie, wazazi wangu wanapanda mwezi ujao na baba ana tatizo la magoti.