Naomba ushauri: Kung Fu Hustle imenigawanyia wateja

Wakuu habari zenu, mimi nina kibanda umiza cha kuonyesha picha huku Nkuhungu Dodoma, juzi jumamosi niliweka picha ya ngumi na vichekesho, Kung Fu Hustle ya Stephen Chow ile ya 2004 na tangu hapo wateja wangu hawaelewani kabisa. Vijana wanataka niirudie, pale yule mama mwenye nyumba na rola zake kichwani sigara mdomoni anavyomfukuza jamaa miguu inazunguka kama feni, walicheka mpaka benchi la nyuma likapinduka. Ila wazee wangu wanaokaa mbele, wale waliokulia picha za Bruce Lee, wanasema hii katuni sio ngumi, mzee mmoja akanyanyuka katikati ya picha anataka arudishiwe kiingilio chake, nikamrudishia maana ni mteja wa siku nyingi na namheshimu.

Kusema ukweli naona hawaitendei haki. Yule mama ni Yuen Qiu, kafundwa na mwalimu yule yule aliyemlea Jackie Chan, na mapigano yamepangwa na Sammo Hung halafu Yuen Woo-ping, hao sio watu wa mchezo jamani.

Sasa wenye uzoefu wa vibanda nisaidieni, nitenge siku ya wazee na siku ya vijana au itaua biashara? Nikitafuta iliyotafsiriwa kiswahili wazee wataielewa zaidi au ndo itazidi kuwa vichekesho? Nawaza pia kuwawekea Drunken Master ya Jackie Chan ya 1978, ngumi zipo kicheko kipo, mnaionaje?