Tupeane uzoefu: albamu ya panki iliyokushika mpaka leo (naanza na London Calling)

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mabatini, Mwanza, na nataka tuzungumzie panki, roki ya kasi na hasira, muziki ambao huku kwetu ni nadra kuusikia redioni au baa. Najua tupo, maana fulana za bendi naziona mitaani.

Msimamo wangu nautoa mapema: London Calling ya bendi ya The Clash, iliyotoka Uingereza Desemba 1979, haijapata mpinzani. Panki ya miaka miwili mitatu kabla yake ilikuwa zaidi kasi na kelele. Hawa jamaa wanne wakachota rege na ska ya Jamaika, rokabili (roki ya mwanzo yenye ladha ya kantri) ya miaka ya 50, jazi na soul, wakavitia vyote kwenye nyimbo 19 na hasira ikabaki palepale. Halafu santuri mbili zikauzwa kwa bei ya moja, ili shabiki mwenye mfuko mwembamba naye aipate. Hilo tu linatosha kunifanya niwaheshimu.

Nimekulia nyumba ambayo jioni lazima Idhaa ya Kiswahili ya BBC isikike. Kwa hiyo nilipojua kwamba jina la albamu limetokana na tangazo la BBC la wakati wa Vita Kuu ya Pili, nilisisimka mwili mzima.

Wimbo wa kwanza una hofu ya mto Thames kuimeza London, na hofu hiyo ilikuwa na msingi: kizuizi kikubwa cha mafuriko kilikuwa bado kinajengwa, kikaja kuanza kazi 1982. Machi ya mwaka huohuo wa 1979 kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, kilikuwa kimepata ajali, na hofu ya nyuklia nayo imo wimboni. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipopanda na maji kuingia majumbani kwa watu huku ufukweni, wimbo huo nilikuwa naurudia kila siku. Lile gitaa linalogonga mapigo mafupi yaleyale kama king'ora halikuwa tena la London peke yake.

Haya, tiririkeni. Uliipata wapi, na wimbo gani umekukaa?

*Mdau wa Kirumba:*
Mkuu, mimi nilianza na picha. Nilinunua fulana ya mtumba Makoroboi, ina mtu ameinama anapigiza gitaa chini, maandishi ya waridi na kijani. Nilivaa muda mrefu bila kujua ni nini, mpaka mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha SAUT akanieleza kwenye daladala na kunirushia nyimbo palepale. Yule ni Paul Simonon, mpiga besi wa The Clash, jukwaani Palladium, New York, Septemba 1979. Alikasirika kwa sababu walinzi waliwazuia watu wasisimame kwenye viti vyao, hasira akaimalizia kwenye gitaa lake la besi. Mpiga picha, Pennie Smith, hakutaka itumike kwa kuwa ina ukungu. Kwangu ule ukungu ndio picha yenyewe, unaona mkono unavyoshuka. Na mpangilio wa maandishi wameufuata ule wa albamu ya kwanza ya Elvis Presley, 1956.

*Mdau wa Nansio:*
Natengeneza injini za boti hapa Ukerewe. Kibandani kwangu ni rege asubuhi mpaka jioni, na The Guns of Brixton ilipita katikati ya nyimbo nyingine, vijana wakaendelea kutikisa vichwa. Hakuna aliyeuliza. Simonon aliitunga na kuiimba mwenyewe, naye alikulia mitaa ya London yenye wahamiaji wengi wa Jamaika. Besi ile haiigizi. Mtu aliyeisikia utotoni hupiga hivyo.

*Mdau wa Nyegezi:*
Mleta uzi, hapo nakupinga. Panki halisi ni albamu yao ya kwanza ya 1977. Fupi, chafu, haina piano wala tarumbeta. Kwenye London Calling walishaanza kulainika.

*Mleta uzi:*
Mkuu, hiyo ya 1977 naipenda sana. Lakini humohumo kuna Police and Thieves, wimbo wa rege wa Junior Murvin, wameupiga zaidi ya dakika sita. Mlango waliufungua wao wenyewe tangu siku ya kwanza. Kilichobadilika ni mkono: mpiga ngoma Topper Headon aliingia baada ya albamu ile, na yeye jazi na soul alikuwa anaziweza. Bila Topper usingeipata London Calling.

*Mdau wa Bugando:*
Kaka mleta uzi, asante kwa uzi huu. Mimi ni Lost in the Supermarket. Niliisikiliza mara ya kwanza kwenye meli ya usiku kutoka Bukoba, nakuja kuanza kazi Mwanza ambako sikuwa na ndugu hata mmoja. Joe Strummer wa The Clash aliiandika akifikiria utoto wa mwenzake wa bendi, Mick Jones, kisha akampa Mick aiimbe. Mick alilelewa na bibi yake. Na mimi nimelelewa na bibi. Rafiki kukaa chini akawaza utoto wako ulikuwaje, akakuandikia maneno ya kusema, huo ni upendo mkubwa, na watu wanaodai panki ni matusi tu hawajaufikia wimbo huo.

*Mdau wa Igoma:*
Mimi mgeni kabisa. Nianzie wapi?

*Mleta uzi:*
Karibu sana, mkuu. Anza wimbo wa kwanza, uende kwa mpangilio wao, usichanganye. Pale kati usiruke Spanish Bombs, ya vita vya Hispania vya 1936 hadi 1939. Na ukifika Revolution Rock usizime, ingawa jalada la mwanzo linaishia hapo. Train in Vain iliongezwa jalada likiwa limeshachapishwa, ndiyo maana jina lake halikuwekwa.