Tupeane uzoefu: mkanda wa jeshi na virusi vingine vinavyotuvizia tunaoishi na VVU (Arusha na Moshi)

WaKaloleni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila wiki kuna mtu anaingia hapa usiku wa manane kuuliza kama mkanda wa jeshi unaua. Tuzikusanye simulizi zetu mahali pamoja. Nazungumzia magonjwa ya virusi yanayotumia nafasi pale kinga inaposhuka: mkanda, malengelenge ya sehemu za siri, masundosundo (vile vinyama vinavyoota sehemu za siri), virusi vya macho, saratani ya Kaposi. TB na fangasi za mdomoni zina uzi wake, tukichanganya hatutamaliza. Masharti ni mawili: usitaje jina la mtu, na usituuzie mizizi.

Naanza mimi. Mkanda ulinishika upande wa kulia, kuanzia mgongoni, ukapita ubavuni hadi chini ya titi. Kabla kipele hata kimoja hakijatokea, palikuwa panawaka moto chini ya ngozi, shati likigusa naruka. Nikadhani ni mbavu, maana nabeba mizigo soko la Kilombero. Vipele vilipotoka, mama mwenye nyumba akanionya kwamba mkanda ukizunguka ukakutana, mtu anazikwa. Sikulala.

Hofu hiyo tuiondoe kwanza. Virusi vya mkanda ndivyo vilevile vya tetekuwanga uliyougua utotoni. Tetekuwanga ilipoisha, virusi havikuondoka, vilijificha kwenye mizizi ya neva kando ya uti wa mgongo. Kinga ikilegea vinaamka na kuifuata neva yao hadi kwenye ngozi, na neva ya kulia inaishia kulia. Ndiyo maana vipele vinakatika katikati ya kifua kama vimepigiwa rula. Ukiona vimesambaa mwili mzima, hapo kinga imeshuka vibaya na unatakiwa hospitali siku hiyohiyo. Habari ya kukutana haipo.

Daktari alinipa vidonge vya asaiklova, akasema vina nguvu zaidi vikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Kisha akaniomba nipime. Majibu mnayajua, ndiyo maana niko humu.

Chalii_wa_Sakina

Aisee mimi shangazi alinipaka majivu na dawa ya meno. Wadudu wengine wakaingia kwenye vidonda, ikabidi nipewe na antibayotiki juu. Kovu ninalo mpaka leo, nikivaa singlendi machalii wananiuliza niliungua na nini. Nawaambia mafuta ya chipsi.

MamaPasua

Yangu ilikuwa kinyume na yenu. Nilishaanza dawa za kufubaza VVU (ARV), miezi michache tu, nanenepa, rangi imerudi, ndipo mkanda ukatoka usoni. Nyumbani wakakaa kikao: hizo dawa ndizo zinamharibu, aache. Hata mimi nilianza kuwaamini, maana nilipokuwa sijui hali yangu sikuwa na kipele.

Nesi wetu wa CTC (kliniki ya wenye VVU), mama wa Kichaga mwenye sauti kama yuko sokoni Mbuyuni, akanikalisha. Akasema kinga yako ilikuwa imelala, sasa dawa zimeiamsha, imekuta wageni ndani na imeanza kupigana nao, vurugu zinaonekana nje. Kwamba inatokea kwa wengi miezi ile ya mwanzo, na nikiacha dawa ndipo nitaona cha mtema kuni. Sikuacha.

Halafu akanitazama pua. Nilikuwa na kipele kwenye ncha ya pua, mimi naona ni kimoja tu kati ya vingi. Yeye akabadilika uso. Kumbe neva inayofika ncha ya pua ndiyo hiyohiyo inayokwenda kwenye jicho, kwa hiyo kipele cha pale ni taarifa kwamba jicho liko hatarini. Nikapelekwa idara ya macho KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi, mchana uleule. Jicho langu ni zima leo, naona mpaka theluji iliyobaki Kibo asubuhi mawingu yakifunguka. Wenye mkanda wa usoni, msisubiri tarehe ya kliniki.

WaKaloleni

Mama Pasua, na yale maumivu ya baadaye? Mimi vipele vilikauka lakini ubavu uliendelea kuchoma miezi na miezi.

MamaPasua

Hayo ni neva iliyojeruhiwa, mwanangu, panado haifui dafu. Mimi niliandikiwa amitriptilini dozi ndogo usiku. Mtu wa duka la dawa akaniuliza kwa sauti kama nina matatizo ya akili, kwa sababu dawa hiyo hutumika pia kwa sonona. Watu wamejaa dukani! Nikamwambia ninayo, nipe dawa.

BintiRau

Nimecheka mama 😂

Mimi nije na jambo ambalo wanaume wataruka, wasiruke. Masundosundo. Yalinianza mawili matatu, nikaona aibu hata kumwonyesha daktari. Yanaletwa na virusi vya HPV, na VVU vikiwa havijadhibitiwa yanaota haraka na kurudirudi hata yakiondolewa. Yangu yalipakwa dawa ya kuyachoma pale kliniki, yakarudi, yakachomwa tena, na yalipokoma ni baada ya wingi wa virusi kushuka hadi kutoonekana.

Lakini masundosundo yenyewe siyo ya kuogopa. Aina nyingine za HPV hazioti chochote, zinakaa kimya kwenye mlango wa kizazi na baadaye ndizo zinaleta saratani. Mwanamke mwenye VVU ana hatari kama mara 6 ya asiye navyo. Kipimo nilichofanyiwa ni kile cha kupaka siki nyepesi: sehemu yenye shida inageuka nyeupe, daktari anaiona kwa macho. Ni dakika chache tu, na kuumwa si kuumwa, ni aibu ya kulala vile. Nilionekana na kidoa, wakakichoma palepale, nikarudi nyumbani kwa bodaboda. Polepole lakini.

Dada yangu ana binti aliyepata chanjo ya HPV mwaka 2014, Kilimanjaro ilipokuwa mkoa wa majaribio kabla ya nchi nzima kuanza 2018. Wakati ule mtaani walisema inafunga kizazi. Sasa binti ana mapacha, wale wasemaji wamekuja kula ubwabwa wa arobaini.

MwalimuMstaafu

Nitasema kuhusu mdogo wangu, ameniruhusu. Alianza na madoa ya zambarau kwenye unyayo, hayaumi, hayawashi. Akaambiwa ni damu chafu. Yakapanda mguuni, mguu ukavimba, kisha likaonekana moja kwenye kaakaa la mdomo. Nikampeleka kitengo cha ngozi KCMC, pale penye kituo cha kufundishia wataalamu wa ngozi kilichoanza 1992. Wakakata kinyama, wakapima: saratani ya Kaposi.

Kinachonishangaza ni kwamba ugonjwa huu una jina tangu 1872, ila kirusi kinachouleta kilijulikana 1994. Ni cha ukoo mmoja na vile vya mkanda na malengelenge. Na huku kwetu Afrika ulikuwepo hata kabla ya UKIMWI, mara nyingi ukitembea taratibu. VVU ndivyo vilivyoukimbiza. Mdogo wangu aliwekewa dripu za saratani pamoja na ARV. Daktari alituambia wazi kwamba mwenye madoa machache ya ngozi tu huenda ARV zikamtosha, lakini yeye alishafikia mdomoni. Madoa yamefifia yakawa kama ya kahawia. Bado analima migomba yake Kibosho na ananizidi kelele.

Nyongeza kwa wanaume wenzangu: muulize daktari kama umepimwa homa ya ini B. Tenofova na lamivudini zilizomo kwenye kidonge chetu cha kila siku zinaibana na hiyo, kwa hiyo anayekatisha dawa anafungulia virusi vya aina mbili kwa mpigo, na ini linaweza kuwaka ghafla.

WaTengeru

Mwalimu umenigusa hapo pa kukatisha. Mama yangu alikatisha 2011, mwaka ule magari yalipopanga foleni kwenda Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu cha shilingi 500, kilichosemwa kinaponya hata UKIMWI. Hakuambiwa na mtu aache, alijiona tu amepona. Miezi ikapita. Akaanza kulalamika kuna mainzi meusi yanapita mbele ya jicho, anayafukuza kwa mkono. Jicho si jekundu, haliumi, sisi tukasema uzee.

Alipotiwa matone ya kupanua mboni, daktari akaona nyuma ya jicho kumeshaliwa. Virusi vya saitomegalo. Watu wazima wengi tunavyo na havitufanyi kitu, ila CD4 (idadi ya seli za kinga) ikishuka chini ya 50 vinashambulia pale. Jicho la kushoto halikurudi. La kulia liliokolewa kwa matibabu na kwa kurudia ARV. Anasoma Biblia ya maandishi makubwa.

Kwa hiyo vidoa vinavyoelea, mwanga wa kumulika, au upande wa jicho kuwa na pazia: hata kama hapaumi, nenda.

MgeniKidogo

Shikamooni. Nina mkanda sasa hivi, mgongoni, nimeanza asaiklova jana. Nina mtoto wa miezi 7. Namwambukiza mkanda?

MamaPasua

Marahaba. Mkanda hauambukizwi. Ila maji ya hivyo vipele yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuiugua, na huyo mtoto ndiye wa kwanza kwenye orodha. Funika vidonda kwa kitambaa safi kisichobana, nawa mikono kabla ya kumshika, usimbebe mgongoni mpaka vyote vikauke viwe magamba. Kunyonyesha endelea kama vidonda haviko kwenye titi. Na kama humo ndani kuna mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, naye akae mbali.

MgeniKidogo

Wifi yangu ni mjamzito na ndiye anayenifulia.

MamaPasua

Mwulize leo kama aliwahi kuugua. Kama hajui, afue mwingine, na yeye aende kliniki yake aeleze.