Mjadala: Cork na Waterford walikuwa na haki ya kuiweka rehani fainali ya Munster kwa ajili ya kaptula?

Mtoa mada

Wakuu, nawasalimu. Mada yangu inatoka mbali, Ireland, lakini naomba isomwe mpaka mwisho kabla ya kuchangia. Kila ninapoona jambo hili likizungumzwa linaguswa juu juu, kana kwamba ni habari ya mavazi tu.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: kamogi ni mchezo wa wanawake, unachezwa kwa fimbo ya mti yenye ncha bapa na mpira mdogo mgumu wa ngozi. Kila upande una wachezaji 15. Goli lina umbo la herufi H. Ukipitisha mpira juu ya mwamba unapata pointi moja, ukiutia wavuni unapata tatu. Wanaume wana mchezo wao pacha unaoitwa halingi. Kamogi ilianza 1904, na mechi ya kwanza ya hadhara ilichezwa Julai mwaka huo mjini Navan.

Ireland ina majimbo manne ya kihistoria. Munster ndilo la kusini, lina kaunti sita: Cork, Waterford, Tipperary, Limerick, Clare na Kerry. Kila jimbo lina mashindano yake, kisha kuna ubingwa wa Ireland nzima, ulioanza 1932.

Sasa kisa. Kanuni ilikuwa inawalazimisha wachezaji kuvaa sketi, na miaka ya karibuni ikawa ile sketi fupi yenye kaptula ndani yake. Mazoezini walivaa kaptula za kawaida. Siku ya mechi, sketi. Mwaka 2024 mapendekezo mawili ya kuruhusu kaptula yalipelekwa kwenye mkutano mkuu wa chama cha kamogi, yote mawili yakaangushwa kwa kura, na kwa utaratibu wao suala lisingerudi mezani hadi 2027. Mwanzoni mwa Mei 2025, kwenye nusu fainali ya jimbo la Leinster, la mashariki, timu za kaunti za Dublin na Kilkenny zote mbili ziliingia uwanjani na kaptula. Mwamuzi akawaambia wabadilishe, la sivyo mechi inavunjwa. Wakabadilisha, wakacheza. Nahodha wa Dublin, Aisling Maher, akaandika hadharani jinsi lilivyomkatisha tamaa, na nchi nzima ikaanza kuuliza maswali.

Wiki moja baadaye ikawa zamu ya Munster. Fainali ilikuwa Cork na Waterford, na timu zote mbili zilikuwa zimekusudia kuvaa kaptula. Fainali ikaahirishwa muda mfupi kabla ya kuchezwa. Tarehe 22 Mei chama kikaitisha mkutano maalumu Croke Park, uwanja mkuu wa michezo hii ulioko Dublin, na asilimia 98 ya kura zikaruhusu mchezaji achague mwenyewe, sketi au kaptula. Jambo lililokuwa linasubiri miaka mitatu likamalizika ndani ya siku kumi na kitu.

Msimamo wangu: walifanya sawa kabisa, na fainali ya jimbo ndiyo ilikuwa mahali pake. Hii ni mechi ambayo watu wa Munster wanaipenda kwa dhati, ila bingwa wake hapati tiketi ya moja kwa moja ya kuwania ubingwa wa Ireland, maana ule una makundi yake. Kwa hiyo wachezaji waliweza kuitoa kafara bila kuua msimu mzima wa wenzao. Anayepinga aje na hoja.

Mchangiaji wa Mwanza

Mtoa mada, nakuheshimu lakini hapa sikubaliani nawe. Umetuambia vizuri kwamba mapendekezo yaliangushwa kwa kura, kisha ukapita haraka. Tusimame hapo. Nani walipiga kura? Wajumbe wa kaunti, na kamogi ni chama kinachoendeshwa kwa kiasi kikubwa na wanawake waliocheza mchezo huo wenyewe. Hawakuwa wazee wa kiume waliojifungia chumbani kuwapangia mabinti nguo. Wanawake waliwaambia wanawake wenzao: hapana, tunabaki na sketi.

Unaweza kusema wamekosea. Mimi pia nadhani walikosea. Lakini chama chenye katiba kikikosea, unarudi kwenye tawi lako, unawashawishi wajumbe, unasubiri zamu. Hapa timu mbili zimekuta mechi imetangazwa na watu wamepanga safari, ndipo zinasema tuvae tunachotaka au hakuna fainali. Kesho timu nyingine itasusa kwa sababu ya ratiba, keshokutwa kwa sababu ya mwamuzi. Tumeyaona kwenye soka letu, klabu kutopeleka timu uwanjani, na mwisho wake tunaujua.

Na kuna yule binti mdogo wa Waterford aliyekuwa anasubiri kwa hamu kuiona timu yake kwenye fainali hiyo. Yeye hakuulizwa.

Mchangiaji wa Tanga

Mimi nimecheza netiboli kuanzia shule ya msingi hadi UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, kwa hiyo naongea kutoka uwanjani.

Netiboli haina kugongana kama kamogi. Hatubebi fimbo. Bado naujua ule wasiwasi: unaruka kudaka mpira, mkono mmoja unashika mpira na akili nusu iko kwenye sketi, hasa kukiwa na mtu wa picha amepiga magoti nyuma ya mstari. Na zile siku za mwezi, nilikuwa natamani mwalimu aniweke benchi kuliko kuingia na sketi nyepesi. Nilipoambiwa nikavae bukta ya kaka zangu kwa ndani, niliambiwa pia isionekane.

Wenzetu wa Ireland walisema hayo hayo. Chama cha wachezaji wa michezo ya Gaelic, yaani michezo ya asili ya Ireland, kiliwauliza wachezaji wa kaunti, asilimia 70 wakasema sketi inawasumbua, asilimia 83 wakataka hiari. Hofu ya picha na hofu ya hedhi zote zilitajwa waziwazi. Sasa ndugu wa Mwanza unaniambia wasubiri 2027. Mchezaji wa miaka 29 mwenye misimu miwili iliyobaki asubiri mpaka lini? Wajumbe waliopiga kura hawakuwa wanavaa hiyo sketi Jumamosi inayofuata.

Nataka pia tuangalie neno hiari. Kanuni mpya haikufuta sketi. Anayeipenda anaivaa. Mimi ni Mwislamu, nakumbuka miaka ambayo FIFA iliwazuia wanawake wenye hijabu kucheza, hadi 2014 waliporuhusu. Na 2021 wanawake wa Norway wa mpira wa mikono wa ufukweni walitozwa faini kwa kuvaa kaptula badala ya bikini. Mmoja anaambiwa amejifunika mno, mwingine anaambiwa hajajiacha wazi vya kutosha. Pande zote mbili mwenye mwili haulizwi.

Mchangiaji wa Nairobi

Naomba niongeze historia, kwa sababu nimeona wanaotetea sketi huko Ireland wakisema ni mila ya mchezo.

Mila ipi? Walioanza 1904 walicheza na sketi ndefu zinazokaribia kugusa ardhi, na kuuzuia mpira kwa sketi kwa makusudi ilihesabiwa kosa. Fikirieni: vazi lilikuwa kubwa kiasi cha kuhitaji kanuni yake ya faulo. Baadaye likaja gauni lisilo na mikono juu ya blauzi, pamoja na soksi ndefu nyeusi. Kisha sketi fupi, kisha hii yenye kaptula ndani. Kila kizazi kimekata kitambaa kikaendelea kucheza. Fainali ya Ireland ya 1989, Angela Downey wa Kilkenny alivuliwa sketi na beki wa Cork aliyekuwa anamzuia, akaendelea kukimbia, akafunga goli. Downey alimaliza na medali 12 za ubingwa wa Ireland. Hakuna anayekumbuka sketi yake ilikuwa ya rangi gani.

Mchezo wenyewe nao umebadilika sana. Hadi 1979 goli lilikuwa na mwamba wa pili kwa juu. Hadi 1999 walicheza 12 kwa 12, kwenye uwanja mdogo kuliko wa wanaume. Mwaka huo walipoingia kwenye 15 na uwanja kamili, Tipperary, ambao hawakuwahi kutwaa ubingwa wa Ireland, wakautwaa, wakaurudia 2000, 2001, 2003 na 2004. Kabla ya hapo Dublin walikuwa wametawala kupita kiasi: kati ya 1948 na 1966 walishinda mara 18 katika miaka 19. Leo Cork wana mataji 30.

Kwa ndugu wa Mwanza: hata kusigana na makao makuu si jambo geni Munster. Miaka ya 1940 chama kiligawanyika, na Cork, waliokuwa wametwaa ubingwa wa Ireland mara tatu mfululizo kuanzia 1939, wakajikuta nje. Mwaka 1945 aliyetoka Munster hadi fainali ya Ireland alikuwa Waterford, akafungwa na kaunti ya Antrim. Waterford hawakuiona tena fainali hiyo mpaka 2023, miaka 78 baadaye, na safari hiyo Cork wakawachapa 5-13 kwa 0-9, yaani magoli matano na pointi 13 kwa pointi tisa bila goli. Sasa hao hao wawili, mwenye mataji mengi na mwenye njaa ya taji, wamekubaliana kwenye jambo moja kabla ya fainali. Mimi hilo ndilo linanipa uzito, zaidi ya kaptula zenyewe.

Mchangiaji wa Mwanza

Nairobi, historia yako nzuri, na hoja ya mila naiachia. Lakini mgawanyiko wa miaka ya 1940 unautumia upande usiofaa. Uliumiza nani? Wachezaji wa Cork waliopoteza miaka yao bora wakiwa nje. Ukinipa mfano huo, unanithibitishia kwamba kususa kuna gharama.

Na kwa mtoa mada: umesema fainali ya jimbo ilifaa kwa sababu haifungui mlango wa ubingwa wa Ireland. Basi ujasiri wao ulikuwa wa bei nafuu. Kama lilikuwa suala la haki, mbona wasingesubiri robo fainali ya Croke Park, mbele ya kamera zote? Na Dublin na Kilkenny waliobadilisha nguo wakacheza, utawaita waoga?

Mtoa mada

Siwaiti waoga. Wale waliambiwa uwanjani, dakika hiyo hiyo, mashabiki wakiwa wamekaa. Walichofanya ni kuonyesha mbele ya macho ya watu kwamba kanuni inatekelezwa kwa kumtishia mchezaji kumnyima mchezo. Bila picha zile za wanawake wakitoka kwenda kubadilisha kaptula, Munster isingekuwa na nguvu.

Kuhusu bei nafuu nakataa. Kwa Cork mwenye mataji 30, sawa, fainali ya jimbo anaweza kuisogeza pembeni. Kwa Waterford, fainali ya Munster ni siku ambayo kijiji kizima kinafunga duka. Kuiweka mezani siku ile, bila kujua kama itapangwa upya au lini, hakukuwa jambo dogo. Na hawakususa, tuwe makini hapo. Walitaka kucheza, wakiwa na kaptula. Aliyeondoa mechi kwenye ratiba ni mwenye ratiba.

Hoja yako ya wajumbe ndiyo yenye nguvu, na naomba tuijadili zaidi kwa sababu haijaisha. Kamogi, soka la Gaelic la wanawake lililoanzisha chama chake 1974, na chama cha wanaume cha tangu 1884 viko kwenye mpango wa kuungana. Mwenyekiti wa kamati ya mpango huo ni rais wa zamani wa Ireland, Mary McAleese, na lengo lililotangazwa ni 2027. Kuna wanawake wanaocheza michezo yote miwili: wakicheza soka la Gaelic wanavaa kaptula bila mtu kuuliza, wakirudi kwenye kamogi walikuwa wanavalishwa sketi. Vyama vikishakuwa kimoja, wajumbe watakuwa wengi zaidi na walio wengi watatoka upande wa wanaume.

Kwa hiyo namuuliza ndugu wa Mwanza, na yeyote anayemuunga mkono: kama kura ya 2024, iliyopigwa ndani ya chama cha wanawake, ilienda kinyume na asilimia 83 ya wachezaji, mchezaji wa Waterford awe na nafasi gani ya kupiga kura katika chama kipya? Moja kwa moja, au kupitia mjumbe yule yule?

Mchangiaji wa Tanga

Moja kwa moja. Chochote kinachogusa mwili wa mchezaji, apige kura mwenyewe. Mengine wajumbe wabaki nayo.

Mchangiaji wa Mwanza

Hapo tunaweza kukutana, ila nani atasema kipi kinagusa mwili na kipi hakigusi? Kofia ngumu ya kujikinga kichwa inagusa mwili pia. Wakipiga kura kuivua, utakubali?