Miaka mitatu ya digrii ya kilimo halafu viazi vya mama nusu ekari vimenishinda

Wakuu heshima kwenu, leo naandika nikiwa na hasira kwahiyo mtanivumilia. Niko mwaka wa tatu digrii ya kilimo, chuo kikuu cha serikali, jina nalihifadhi maana matokeo yangu bado yako mikononi mwao.

Likizo hii nimerudi nyumbani Umalila, Mbeya vijijini, nakuta viazi vya mama vinanyauka, majani ya kijani kabisa ila mche asubuhi umesimama mchana umelala. Mama akasema haya bwana shamba, kazi yako hiyo. Nikazungukazunguka nikatamka kwa kujiamini kwamba huu ni ukungu, tupige dawa. Akauza kuku wawili, tukapiga mara mbili, wapi, miche ndo kwanza inazidi kulala.

Wiki ya pili mama akamuita jamaa wa duka la pembejeo kule Mbalizi, darasa la saba huyo. Kafika kang'oa mche mmoja, akakata shina karibu na mzizi, akaomba glasi ya maji safi akalining'iniza humo bila kulitikisa. Dakika chache tu nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka toka kwenye shina! Akasema mama huu mnyauko wa bakteria, dawa hauna, ng'oa iliyougua uitoe shambani, hapa usirudishe viazi wala nyanya misimu kadhaa, panda mahindi. Tena inawezekana umeununua pamoja na mbegu huko sokoni. Ukungu ungeona mabaka meusi kwenye majani, wewe msomi hukuliona hilo? Nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Ralstonia solanacearum, yaani jina la huyo bakteria wa mnyauko, nimeiandika kwenye UE (mtihani wa mwisho wa semista) herufi zote sawasawa na A nikapewa. Ila hiyo glasi ya maji hakuna aliyewahi kunionyesha, ilikuwa mstari mmoja kwenye slaidi, lekchara akabonyeza tukaenda mbele. Tukiuliza praktiko tunaambiwa bajeti haijatoka, vifaa hakuna, mko wengi. Glasi jamani!! Glasi na maji nayo inasubiri bajeti? Siku tuliyopelekwa shamba la chuo tulikuwa watu zaidi ya mia, jembe zilikuwa sita, wengine tukapiga selfi na mahindi tukarudi.

Usiniambie fildi, yale mafunzo ya vitendo kazini. Wiki nane nimekaa ofisi moja ya kilimo ya wilaya naandikisha majina ya wakulima wa mbolea ya ruzuku, na chai nikichemsha mimi. Logibuku ikasainiwa yote siku ya mwisho, supavaiza wa chuo alikuja mara moja akauliza mnaendeleaje akageuza gari. (Gari alipata mafuta, sisi basi la kwenda shamba halina.)

Na mkopo wa kusomea nadaiwa, makato ya 15% yananisubiri kwenye mshahara ambao sijui hata utatoka wapi, maana nani amwajiri mtu aliyeshindwa na jamaa wa dukani.

Mnaolima viazi Njombe, Makete au hukuhuku Umalila, kama kuna anayechukua kijana wa kujitolea hii miezi iliyobaki aje PM. Sitaki posho, nikalale tu hukohuko shambani, hata lumbesa nitabeba.