Vitu vya kuchezea mtoto: ninunue Kariakoo au nitumie vya jikoni?

Mamake_Imu: Habari zenu wapendwa. Kesho napita Kariakoo, nina elfu hamsini ya vitu vya mtoto. Nimeona seti ya plastiki inayolia na kuwaka taa, na kuna woka, kile kiti cha magurudumu cha mtoto kujifunzia kutembea. Mama mkwe anasema nisitupe hela, nimpe sufuria na mwiko. Mnashaurije?

Bwana_Mipango: Mtoto ana miezi mingapi? Anakaa? Watu mnaomba ushauri kama mnatega kitendawili.

Shangazi_Temeke: Msikilize mama mkwe. Wangu wote wamekulia kwenye bakuli, kawa na kanga. Funika kijiko kwa kanga uone anavyokifukua. Wengi wakikaribia miezi minane ndiyo wanaanza kukitafuta kilichofichwa, kabla ya hapo kikipotea ndiyo basi. Woka usinunue! Canada wamepiga marufuku tangu 2004, hata ya mtumba hairuhusiwi kuuzwa.

Dereva_wa_Usiku: Canada wana ngazi ndani ya nyumba. Kwangu hakuna hata ngazi moja, na woka imetusaidia sana kupika kwa amani.

Shangazi_Temeke: Na jiko la mkaa je, linapanda ngazi?

MamaNasra: Vya jikoni navyo tusivisifie tu. Mtoto wa dada yangu, mwaka na kitu, alitengenezewa kayamba: chupa ya maji, maharage ndani, kizibo kimekazwa kwa mkono. Akakitafuna mpaka kikalegea, hakuna aliyeona. Baadaye tundu moja la pua likaanza kutoa uchafu unaonuka. Zahanati wakasema mafua, akapewa dawa, harufu ikazidi. Alipofikishwa kwa daktari wa pua na masikio likavutwa haragwe limevimba, ganda linachubuka. Alivyolia siku ile! Sasa kizibo napiga gundi, juu nazungusha solteipu. Na kitu chochote kinachopenya kwenye kile kiboksi cha mviringo kinachobaki tishu ya chooni ikiisha, hapewi.

Fundi_Redio: Hivyo vinavyolia, hakikisha mfuniko wa betri una skrubu. Betri ndogo za duara mtoto akimeza zinaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo.

Bwana_Mipango: Miezi mingapi jamani?

Mamake_Imu: Samahani, nilikuwa nanyonyesha. Saba, anakaa akiegemezwa. Mwiko hautamuumiza?

Shangazi_Temeke: Mpe mfupi, usio na vibanzi, na uwe naye hapohapo. Sufuria iwe safi, masizi hapana. Ukimwekea maji ya kuchezea weka kidogo kwenye beseni, usiondoke hata simu ikiita, na ukimaliza mwaga.

Dereva_wa_Usiku: Sufuria zenyewe siku hizi bei gani?

MamaNasra: Usinunue za barabarani, watakupiga. Ingia madukani ndani, na ubishane bei.

Dereva_wa_Usiku: Basi mimi woka yangu ipo, tairi moja tu limetoka. Elfu kumi na tano, maongezi yapo.

Shangazi_Temeke: Ushindwe!