Yule jamaa wa farasi na "ukanda ni urembo tu": imetosha!

Wakuu, jina silitaji, mnamjua. Yule yule wa filimbi shingoni anayepandisha familia mlimani kutazama maua. Leo kaulizwa mbele ya watoto kwa nini harudii kukaza ukanda wa tandiko unaopita tumboni mwa farasi kabla ya mpando, akajibu: "Ukanda ni urembo tu, farasi anajua njia." UREMBO! Kitu pekee kinachozuia tandiko lisigeuke na mtu juu yake, kumbe ni hereni!

Farasi akifungwa ukanda hutunisha kifua. Unakaza, unadhani umemaliza. Akitembea dakika 5 hadi 10 anashusha pumzi, ukanda unalegea. Hapo msafara unasimama, unapitisha vidole viwili kati ya ukanda na ubavu. Vikipita kwa kubanwa, sawa. Kiganja kizima kikiingia, tandiko litahamia tumboni. Na mlimani ndiyo balaa: kwenye mpando linarudi nyuma, kwenye mteremko linakimbilia mabegani. Ukanda wa kifuani wa kulizuia lisirudi nyuma hana. Sijui nao ni mkufu!

Mtoto anayumba kama yuko kwenye mtumbwi, vikuku vya kukanyagia vinaning'inia mbali na miguu yake, na kavalishwa ndala. Ndala! Kiatu kisicho na kisigino cha sentimita 2 hivi kinapenya kikukuni. Farasi akishtuka, mguu unanasa, mtu anaburutwa. Halafu jitu zima linasimama pale na kusema urembo.

Kwato Nne: Naunga mkono hoja. Huyo huyo anampakia mzee wa kilo 110 kwenye farasi wa kilo 400. Kawaida ni asilimia 20 ya uzito wa farasi, tandiko likiwemo. Yaani kilo 80, basi! Mzee apewe farasi mkubwa au atembee.

Jazba Sifuri: Mleta uzi, povu lako linaweza kufulia mazulia ya mtaa mzima. Ukanda ukikazwa kupita kiasi unachubua, farasi anaanza kung'ata. Unakazwa tundu moja moja, kushoto na kulia. Na picha iko wapi? Bila picha hii ni chai.

Mleta uzi: Nani kasema kupita kiasi? Vidole VIWILI, soma! Kasema urembo mbele ya watoto!

Majani Mabichi: Afadhali wenu. Yule wa matembezi ya maua, naye mnamjua, anapeleka watu tarehe ile ile kila mwaka kana kwamba maua yameajiriwa. Bondeni yanatangulia, juu yanafuata. Kila mita 100 za kupanda, hesabu siku 3 au 4 za kuchelewa. Yakiisha chini, panda juu! Tena anawafikisha alfajiri, mengi yamejifunga kwa baridi. Yakija kufunguka jua limewaka, yeye keshageuza msafara.

Kwato Nne: Huyo ana nafuu. Kuna wanaoacha farasi wajilie maua! Lupini, maua ya jamii ya maharage, nyingi zina sumu. Hatamu ishikwe fupi kiasi, kichwa kisifike chini.

Mama Petali: Na wanaolala juu ya maua wapigwe picha je? Mmea wa juu mlimani unakua polepole mno. Kichaka cha ukubwa wa sahani kinaweza kuwa na miaka mingi kuliko aliyekilalia. Farasi wapite mstari mmoja, ndani ya njia. Wakitapakaa, kwato zinakichimbua kwa dakika moja.

Jazba Sifuri: Mstari mmoja ndiyo, ila acheni nafasi ya urefu wa farasi mzima. Ukimsogelea wa mbele matakoni, anarusha teke. Na koti la mvua vaa ukiwa chini, si juu ya tandiko. Likipepea karibu na jicho lake, anatoka shoti.

Majani Mabichi: Koti gani hasa? Kila mita 1,000 joto linashuka nyuzi 6 hivi, na mchana mvua ya radi haikawii.

Mleta uzi: Jamani, ukanda!

Mama Petali: Usivae pamba, ikilowa haikauki upesi. Sufu ndani, la kuzuia upepo juu.

Kwato Nne: Na mpasuo nyuma, upate kukaa vizuri.